Ramani za zamani za Tanga: tuzitundike vijiweni, zisizeekee kabatini

MwanaNgamiani:

Salamu wakuu. Uzi huu mrefu, mwenye haraka apite, sitamshika shati.

Ramani za zamani za mji wetu zipo, tena si za kutafuta kwa tochi. Oscar Baumann alizunguka Usambara mwaka 1890 akachora. Baadaye Wajerumani wakalichora koloni lao zima kwa kipimo cha 1:300,000, kazi ya Paul Sprigade na Max Moisel, ikachapwa Berlin na Dietrich Reimer. Mwingereza naye akaja na zake, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikafuata zile za 1:50,000 zilizotokana na picha za ndege, ambazo watu wa ardhi wanaziita Y742 mpaka leo. Nyingine unazipakua bure kabisa ukiwa kitandani. Sasa niambieni, anayezisoma ni nani? Mtafiti aliyeshuka juzi na ndege. Mtu wa Barabara ya Kumi na Mbili, ambaye nyumba ya bibi yake imo mle ndani, hajawahi kuziona hata kwa bahati mbaya.

Nikafanya hivi. Nilipata nakala ya ramani ya mji ya wakati wa Mwingereza, nikaichapisha upana wa mita moja na ushee, nikaibandika kwenye kijiwe chetu cha kahawa huku Ngamiani, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye benchi. Sikuandika maelezo yoyote. Nikafunga penseli kwa kamba ya katani, nikaining'iniza pembeni, nikaagiza kahawa na kashata yangu nikatulia.

Kila mtu anaanza na kwao, hilo ni la kwanza kuliona. Mzee mmoja, miwani yake mkono mmoja umefungwa waya, aliweka kidole stesheni, akavuka nacho reli, akakisogeza polepole kitalu kwa kitalu huku anahesabu kwa sauti: hii ya saba, hii ya nane, hii ya tisa. Akafika akagonga karatasi mara mbili. "Hapa ndipo nilipotahiriwa." Kijiwe kizima kicheko. Lakini baada ya hapo hakuna aliyerudi kwenye karata. Mmoja akaonyesha mwembe uliokatwa, mwingine fundi baiskeli aliyekuwa chini ya mwembe huohuo. Akatajwa marehemu mmoja na nyumba walikokuwa wakifanyia mazoezi wana-taarabu. Wa pili akaruka: hiyo ya Lucky Star, Black Star hawakuwa hapo! Ikawa kesi mpaka adhana ya Magharibi, na kesho yake ikaendelea.

La pili ni hili, na ndilo lililonifanya niandike. Kwenye ramani ile, upande wa bandarini kila jengo limechorwa peke yake na jina lake: forodha, posta, boma, hospitali. Ukivuka reli kuja kwetu unakuta vitalu tu. Miraba na namba. Aliyechora alijua barabara zetu zilivyonyooka, hakujua nani anakaa humo wala hakuhitaji kujua. Na pale palipo patupu ndipo penseli ilipofanya kazi. Upande wa Uzunguni hakuna aliyeongeza hata nukta, upande wetu karatasi imejaa mpaka pembeni.

Kwa hiyo hoja yangu: ramani hizi zikae mahali watu wanapokaa. Vijiwe vya kahawa, stendi ya Kange, Uhuru Park, Mkwakwani siku ya mechi. Na ziwe za kuandikwa. Fremu ya kioo kwenye korido ya ofisi yenye mlinzi mlangoni ni kabati lenye taa tu.

(Na tafadhali, tusianze mjadala wa ngamia na jina la Ngamiani. Najua mnavyopenda.)

Waja Leo:

Mkuu uzi mzuri. Ila mbona tuna makumbusho ya Urithi pale kwenye boma la zamani? Picha zimepangwa vizuri, mambo ya kale yamo. Si uwapelekee wao hiyo ramani yako, itunzwe na watu wanaojua kutunza?

MwanaNgamiani:

Pale nimekwenda na nawaambia watu waende. Lakini kuwa mkweli, mara ya mwisho kuingia mle ulikuwa na mgeni, sivyo? Makumbusho mtu wa Tanga anampeleka mgeni. Kijiweni anajipeleka mwenyewe, asubuhi na jioni. Ile safi isiyoandikwa ikae makumbusho kwa heshima zote, nakala yake iliyochafuliwa na penseli ikae kwetu.

Mpima Viwanja:

Nimefanya kazi za upimaji miaka mingi, acha nitie neno, maana nikikaa kimya mtabandika karatasi ambayo haitamsaidia mtu.

Kwanza kipimo. Kwenye 1:300,000, sentimita moja ni kilomita tatu. Ngamiani yote unaifunika kwa ukucha. Ramani hiyo ni nzuri kwa kuonyesha Tanga, Muheza na Pangani zilivyokuwa zikiunganishwa, kwa mtaa haifai hata uikuze namna gani, utakuza wino tu. Kwenye 1:50,000, sentimita ni mita 500, hapo unaanza kuona barabara. Kijiwe kinataka ramani ya mji, 1:2,500 hivi, sentimita moja mita 25. Hapo nyumba inaonekana na mzee ana mahali pa kuweka kidole.

Pili, ukuta. Watu hawalifikirii hili. Ramani hizi zote kaskazini iko juu. Ukiibandika kwenye ukuta ambao msomaji anatazama kusini, kila kitu kinakuwa kinyume: bahari inachorwa mbele yake wakati iko mgongoni, kulia ni kushoto. Mtu hasemi "nimepotea", anasema "ramani ya uongo", anaondoka. London wana mabango ya mitaani, mpango wao unaitwa Legible London, wanaigeuza ramani yenyewe ili kilicho mbele yako kiwe juu. Ya zamani huwezi kuigeuza, maandishi yatalala kichwa chini. Kwa hiyo geuza ukuta: tafuta ukuta ambao anayeusoma anatazama kaskazini, yaani anaelekea reli na bandari.

Na kuna faida ya bure hapo. Sisi tuko kusini ya ikweta nyuzi tano na kidogo. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini yetu. Ukuta huo uso wake unaangalia kusini, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana haliupigi. Bango lako litadumu.

Tatu, kwa wale watakaotaka kuiweka kwenye simu na kutembea nayo. Y742 ilijengwa juu ya mfumo wa kupimia mahali unaoitwa Arc 1960, simu yako inatumia mwingine, WGS84. Ukiipachika bila kubadilisha, kila kitu kinahama kama mita 300. Utasimama sokoni simu ikwambie uko kwa watu. QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni ya bure na inarekebisha. Ukikuta ramani haina mfumo wowote, tafuta vitu visivyohama: reli, stesheni, makutano ya barabara, msikiti wa zamani. Pwani usiitegemee sana, mikoko na mchanga havikai mahali pamoja.

Chuda Mpole:

Mpima umeongea kama mpima kweli, shukrani. Lakini mimi nina hofu, na sisemi kwa kubuni. Kuna mtaa mmoja hapa mjini ramani ya zamani ilibandikwa na vijana, jambo jema kabisa. Haikupita muda jamaa akaipiga picha, akaenda nayo ofisi ya mtaa anadai uchochoro wa jirani ni sehemu ya kiwanja cha babu yake "kwa mujibu wa ramani ya mkoloni". Majirani waliokuwa wakipeana futari sasa hawasalimiani. Mnataka kuleta historia mtaani, mtaleta mabaraza ya ardhi.

Mpima Viwanja:

Chuda, hofu yako ina msingi, na jibu lake ni hesabu. Mstari wa kalamu kwenye 1:50,000, chukua unene wa nusu milimita hivi, ardhini ni mita 25. Wino peke yake umemeza nyumba mbili na choo cha jirani. Hakuna mpaka wa kiwanja unaosomwa hapo. Hata ile ya mji ya 1:2,500 ilichorwa kuonyesha mji, haikuchorwa kugawa urithi. Mpaka wa kiwanja uko kwenye ramani ya upimaji iliyosajiliwa, na mawe yake ya mpaka chini.

Kwa hiyo chini ya kila bango iandikwe kwa herufi za kuonekana: RAMANI HII SI USHAHIDI WA MPAKA WA KIWANJA. Na mwenyekiti wa mtaa aambiwe kabla halijabandikwa, asije akaliona siku ya kesi.

Chuda Mpole:

Hapo sawa. Iandikwe kwa wino mwekundu.

MwanaNgamiani:

Mwekundu hapana, mkuu. Nyekundu na njano ndizo zinazokimbia kwanza juani. Angalia mabango ya zamani ya simu na soda barabara ya Pangani, yote yamebaki ya bluu. Iandikwe kwa nyeusi, nene.

Baharia wa Deep Sea:

Mmesahau bahari. Tanga ni bandari jamani, kabla ya reli watu walikuja kwa jahazi. Nahodha Owen wa Uingereza alipima pwani hii ya Afrika Mashariki kati ya 1822 na 1826, kina cha maji kwa timazi. Ramani za baharini zina kitu kimoja nakipenda: nchi kavu wanaiacha nyeupe, maji ndiyo yamejaa namba. Kinyume cha zenu. Bandikeni moja pale Deep Sea mnada wa samaki unapofanyika, muone wavuvi watakavyomkosoa huyo nahodha. Miamba mingine wanaijua kwa majina ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Na Toten, kile kisiwa mnachokiona kila siku na hamuendi, kina magofu ya misikiti na makaburi. Wangapi humu wanajua?

Jingine ni Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Raskazone pale ndiko Waingereza walikoteremsha majeshi yao kutoka India, askari kama 8,000, wakapigwa na jeshi la Mjerumani lisilozidi elfu moja na kidogo, wakarudi melini tarehe 5. Nyuki nao wakaingia vitani, hawakuchagua upande. Ninachokipenda mimi ni kwamba von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipofika kwa treni kutoka Moshi, usiku aliingia mjini kwa baiskeli kuchungulia mambo yalivyo. Tanga na baiskeli tumeanza mbali! Ramani za mapigano yale zipo. Ibandikwe moja Raskazone, pale watu wanapokwenda kuogelea.

MwanaNgamiani:

Naunga mkono, kwa sharti. Ramani za vita zina mishale na majina ya vikosi, basi. Ukiitazama utadhani mji ulikuwa mtupu wakauazima kupigania. Askari weusi waliokuja na treni hiyohiyo, wapagazi, watu wa Ngamiani waliofunga milango au kukimbilia mashamba, hawana mshale. Ikibandikwa bila nafasi ya kuandikwa tutakuwa tumewapigia debe majenerali bure.

Kibarua wa Mkonge:

Na sisi wa bara kidogo? Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa serikali ikaichukua, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Hiyo kila mtu anaijua. Ambayo watu hawaijui ni ile ndogo ya Tengeni kwenda Sigi, kilomita 23 hivi, reli nyembamba ya sentimita 75, ilikuwa ikishusha magogo kutoka milimani chini ya Amani. Kwenye ramani ya Mjerumani imo. Leo pita huko uulize kijana reli iko wapi, atakuelekeza kwenye njia ya bodaboda na hajui kwa nini ile njia haina mwinuko mkali hata mahali pamoja. Ni treni iliyoichagua hiyo njia, bwana.

Halafu kuna vireli vya mkonge, vya troli, ndani ya mashamba. Hivyo vingine havimo hata kwenye ramani. Vimo kwenye vichwa vya wazee waliovisukuma, nao wanapungua.

Mikanjuni Juu:

Sisi wa Mikanjuni tutajitafuta wapi? Nimeifungua hiyo ya zamani, kwetu ni shamba na njia ya mguu. Kwenye uzi huu kila mtu ana nyumba ya bibi yake isipokuwa mimi.

MwanaNgamiani:

Hahaa, pole mkuu. Kwenu ziwe mbili sambamba, ya zamani na ya sasa, kipimo kilekile. Ya sasa itoke OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, kuichapisha ni bure mradi uandike ilikotoka. Dar walianza Ramani Huria 2015, wanafunzi na wenyeji wakatembea mtaa kwa mtaa wakichora wenyewe, hasa maeneo ya mafuriko. Na hiyo njia ya mguu usiidharau. Ifuatilie uone kama siyo barabara yenu kuu leo.

Bi Mkubwa wa Makorora:

Wanangu, hamjambo. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, na nimesubiri mmoja wenu aseme nikachoka.

Hicho kijiwe cha kahawa mwanamke anakaa wapi? Sisi tunapita na vikapu, tunaitikia salamu, tunaenda zetu. Mmeandika ramani nzima ya Ngamiani kwa penseli ya wanaume, ndiyo maana imejaa mafundi baiskeli. Mwanamume mtaa anaujua kwa duka na msikiti na mpira. Sisi tunaujua kwa kisima, kwa nyumba ya kungwi, kwa mkunga, kwa ua ambao maharusi waliwekwa ndani. Najua nyumba ambayo nusu ya wazee wenu hao wa kijiweni walizaliwa, na sidhani hata mmoja wao ameitia alama. Ya kutahiriwa ameikumbuka!

Mkitaka kujua mambo, bandikeni kliniki ya watoto. Mama pale anakaa asubuhi nzima anasubiri kupima uzito, mikono ina mtoto, macho hayana kazi. Na Mgandini sokoni, upande wa wauza nazi, usawa wa mtu mfupi. Msiweke juu ya mlango nikavunjika shingo.

La mwisho. Wapo wasiojua kusoma, mama yangu alikuwa mmojawapo, na yeye ungemwonyesha tu reli hii hapa na bahari ile pale, angekuonyesha kila nyumba kwa kidole. Penseli mpeni mtoto wa darasa la sita. Mtu mzima aseme, mtoto aandike.

MwanaNgamiani:

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la kliniki sikuliwaza kabisa, na la mtoto kushika penseli nalichukua lilivyo. Nitaongea na shule moja ya jirani. Kabla ya hapo nikuombe: hiyo nyumba ya mkunga, ni barabara ya ngapi?

Bi Mkubwa wa Makorora:

Marahaba. Sisemi humu. Leteni ramani, nitaweka kidole.

Waja Leo:

Bi Mkubwa kaufunga mjadala. Mimi swali langu dogo, nani analipa? Mabango hayaoti kama mikanju.

MwanaNgamiani:

Sina fungu, na sitaki kusubiri fungu. Kijiwe chetu tulichanga, kila mtu bei ya vikombe vyake vya kahawa vya wiki, ikatosha. Vitu vyenyewe ni hivi: karatasi nzito iliyopigwa lamineshen inafaa ndani ya jengo, nje haifai, unyevu wa bahari unaingia pembeni inavimba. Nje chapa kwenye flexi ile ya mabango ya harusi, lakini flexi haishiki penseli, inabidi kalamu ya maki. Kwa hiyo nje kwa sasa ninafanya hivi: flexi inabaki safi, juu yake nagandisha karatasi ndogo za gundi watu waandike, kila Ijumaa nazibandua, naziandika kwenye daftari na jina la aliyesema akikubali. Misumari tumia ya shaba au funga kwa kamba. Ya chuma chumvi ya Tanga inaila, baada ya masika kutu inachuruzika juu ya ramani mpaka Raskazone inageuka kahawia.

Na kila inapojaa, ipigwe picha kabla mtu hajaifuta. Tayari kuna mtu kaja na kifutio kwetu, kafuta fundi baiskeli wa watu kisa wana ugomvi wa tangu 1985.

Mpima Viwanja:

Mimi ninayo karatasi ya mji ambayo haijakunjwa sana. Nitaichanganua wiki hii kwa dipiai 600 (nukta 600 kila inchi), wapenzi wa barabara za juu mtaona mpaka namba za vitalu. Nikutumie WhatsApp?

MwanaNgamiani:

Usithubutu! WhatsApp itaikamua mpaka barabara ya ishirini iwe ukungu. Weka kwenye flashi, uniachie kwa muuza kahawa, umwambie ni ya ramani. Baharia, wewe tafuta ukuta pale mnadani, unaoangalia kusini kama alivyosema mpima, na uulize kwanza ni wa nani. Bi Mkubwa, kliniki tunaanza na ipi?

Bi Mkubwa wa Makorora:

Makorora. Na mje mapema, kabla ya saa tatu. Baada ya hapo manesi wanakuwa wakali.